Chema Chajiuza: Gari la Kale na Thamani ya Ukweli



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa ofisi, simu mkononi. Kijana huyu ni fundi wa bodi: hunyoosha magari yaliyogongwa, hupiga puti, kisha hupaka rangi. Wengi wenu mmepita katika gereji yake mkatoka mmeridhika. Baada ya salamu alinionyesha picha ya gari la kale la Kimarekani, la rangi ya kijani iliyokolea.

“Padri,” aliniambia, “hebu litazame gari hili. Rangi imepauka, bati limekwaruzika, kutu inachungulia huku na huku. Na gari la hivi limeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni tatu na nusu! Ningepewa mimi mwezi mmoja tu, ningewarudishia likimeremeta kama limetoka kiwandani leo. Hivi wenzetu hawana mafundi?”

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilinifuata hadi jioni. Mafundi wanao, tena wengi na hodari. Ila kama mmoja wao angelipaka gari lile rangi mpya, angelipunguzia thamani badala ya kuliongezea. Nilimwahidi kijana wetu kwamba nitamjibu hapa, ili nanyi msome, kwa sababu naona jambo hili linatugusa sisi sote tunaouza na kununua, hata kama hatutagusa usukani wa gari kama lile maisha yetu yote.

Kwanza tufahamu ni gari la namna gani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya magari vya Marekani vilianza kuchukua magari ya ukubwa wa kati, yaliyokusudiwa watu wa kawaida, na kuyatia injini zilizoundwa kwa ajili ya magari makubwa zaidi. Wengi huhesabu mwanzo wa mtindo huo kuwa ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni ya General Motors, ambayo Pontiac ilikuwa tawi lake, ilikuwa na kanuni ya kuzuia injini kubwa katika magari ya kadiri hiyo. Wahandisi wa Pontiac, akiwemo John DeLorean, walipata mwanya: waliiuza injini yao ya lita 6.4 kama nyongeza ya hiari, si kama gari jipya. Vijana waliyapenda magari hayo mno, kwa kuwa yalikuwa na mbio nyingi na bei yake ilifikika. Nguvu zake ndizo zilizoyapatia jina la magari ya misuli.

Mwaka huohuo wa 1964, tarehe 17 Aprili, kampuni ya Ford ilizindua gari lake jepesi lililoitwa Mustang. Kabla ya miaka miwili kutimia, Mustang ya milioni moja ilikuwa imekwisha kuundwa. Nyingi zilikuwa na injini za wastani, lakini baadaye Ford nayo ilianza kutia humo injini yake ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4. Gari la kwenye picha ya kijana wetu ni mojawapo ya hizo: Mustang GT ya mwaka 1968.

Enzi ile haikudumu. Bima za vijana wenye magari hayo zilipanda. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilianza kubana moshi wa injini. Kisha, mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani, na gari lenye kiu kubwa ya mafuta likageuka kuwa mzigo kwa mwenyewe. Mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yakaendeshwa hadi yakachakaa, yakakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Aidha, katika majimbo ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ile huyala magari kuanzia chini. Ndiyo maana leo gari la enzi hizo likipatikana likiwa na bati lake lenyewe, injini yake yenyewe na rangi yake ya kwanza, watu hulitazama kwa macho mengine kabisa.

Sasa tulirudie lile la kijani. Mwaka 1968 ilitoka filamu iitwayo Bullitt, ambamo mwigizaji Steve McQueen anaendesha Mustang ya kijani akifukuzana na gari jeusi aina ya Dodge Charger katika vilima vya jiji la San Francisco. Mfukuzano ule huchukua takriban dakika kumi, na filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa uhariri wake wa picha. Mustang mbili zilitumika: moja kwa ajili ya picha za karibu za mwigizaji, na ya pili kwa ajili ya kurushwa na kupigwapigwa vilimani.

Ile ya kwanza, kazi ya filamu ilipokwisha, iliuzwa kama linavyouzwa gari lolote. Ilipita kwa mfanyakazi mmoja wa studio, kisha kwa mpelelezi wa polisi wa jimbo la New Jersey, na mwaka 1974 ikatangazwa kuuzwa katika jarida la magari. Bwana Robert Kiernan aliinunua kwa dola 6,000. Mke wake alikuwa mwalimu, na gari lililokuwa likikimbizana na wauaji kwenye sinema likawa linampeleka kazini shuleni. Hapakuwa na kioo cha kulifunika, wala kamba ya kuwazuia watu wasiliguse. Lilikuwa gari la nyumbani.

Mwaka 1977 Steve McQueen mwenyewe aliandika barua kwa familia hiyo akiomba kulinunua. Hawakuliuza. Mwaka 1980 klachi ilikufa, gari likiwa limetembea maili 65,000 hivi, yaani kama kilometa 105,000, wakaliegesha. Mwaka huohuo McQueen alifariki dunia. Miaka ikapita, familia ilihama, gari nalo likahamishwa pamoja nao kama kabati la urithi. Mwaka 2001 baba na mwanawe walianza kulifufua, lakini maradhi ya baba yakaikatisha kazi hiyo, naye akafariki mwaka 2014. Mwanawe, Sean Kiernan, ndiye aliyeikamilisha, akalionyesha hadharani mjini Detroit mwezi Januari 2018. Tarehe 10 Januari 2020, katika mji wa Kissimmee jimboni Florida, gari lile lilipigwa mnada. Nyundo ilitua kwenye dola milioni 3.4, na pamoja na ada za mnada mnunuzi alilipa dola milioni 3.74. Wakati huo hapakuwa na Mustang iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo.

Hapa ndipo swali la kijana wetu linapoanza kupata jibu. Gari lile lilipokuwa likiandaliwa, lilitengenezwa ili liweze kuwaka na kutembea. Bodi haikuguswa. Chini ya gari bado vipo vyuma vilivyochomelewa mwaka 1968 ili kufungia kamera. Alama za kampuni zilizobanduliwa kwa ajili ya filamu hazikurudishwa. Rangi iliyopauka iliachwa ipauke. Fundi mwenye nia njema angeweza kuvikata vile vyuma akidhani ni takataka, akaziba, akasugua, akapaka. Gari lingependeza sana; ila shahidi angekuwa ameuawa. Kwani kila kovu katika gari lile ni neno la ushahidi, na mnunuzi alilipia ushahidi huo kuliko chuma chenyewe. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Ikikwisha kusuguliwa, fundi anaweza kupaka iliyo nzuri kuliko ile, lakini hawezi kuirudisha ile.

Mtaniambia: Padri, hiyo bei ni ya sinema, si ya ukweli. Nakubali kwamba jina la filamu lilichangia sana. Lakini tazameni soko zima la magari hayo, hata yale ambayo hayakuwahi kuonekana katika filamu yoyote, mtaona kanuni ileile. Gari lenye injini yake ya asili, ambayo namba zake zinalingana na namba za chasisi, lina bei ya juu kuliko lingine linalofanana nalo kwa kila hali ambalo injini yake ilibadilishwa. Injini zote mbili zinaweza kuwa na nguvu sawa na ngurumo ileile. Tofauti yake ni kwamba la kwanza husema kweli likiulizwa limetoka wapi.

Na kwa kuwa ukweli una bei, wapo wanaoughushi. Chukueni mfano wa Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970. Gari la kawaida la silinda nane na lile lenye injini kubwa ya lita 7.4 yalitoka na namba za chasisi za mpangilio mmoja. Namba hizo hukuambia tu kwamba gari lina silinda nane, hazikuambii ni injini gani. Basi mjanja hununua gari la kawaida, hulivalisha injini kubwa, alama na mistari ya rangi, kisha hulitangaza kuwa ndilo lenyewe. Kwa macho hutalijua. Ndiyo maana wanunuzi makini hutafuta karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha vifaa vya gari husika, ambayo mara nyingine hukutwa imesahauliwa chini ya kiti cha nyuma au juu ya tangi la mafuta. Kwa magari ya Ford kazi ni nyepesi zaidi. Namba ya chasisi ya mwaka 1968 ina herufi ya injini ndani yake. Herufi S katika Mustang ya mwaka huo humaanisha ile injini ya lita 6.4. Zaidi ya hayo, mtaalamu Kevin Marti anazo kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya mwaka 1967, na kwa namba tu huweza kukuambia gari lilitoka kiwandani na rangi gani na vifaa gani. Ndiye aliyethibitisha gari la familia ya Kiernan.

Huyohuyo ndiye aliyelithibitisha na lile la pili, na habari zake zinafundisha kwa namna nyingine. Gari la kurushwa vilimani lilikuwa limetoweka kwa miaka mingi. Mwaka 2017 habari zikaenea kwamba limepatikana nchini Meksiko, katika rasi ya Baja California, miongoni mwa magari yaliyotelekezwa. Lilikuwa limekwisha kupakwa rangi nyeupe, injini yake haipo, na aliyelipata alikuwa na mpango wa kuligeuza liwe nakala ya Mustang nyingine ya sinema tofauti kabisa. Fikirini: gari la kweli lilikuwa karibu kufutwa ili liwe mfano wa gari lingine! Namba ya chasisi ilipochunguzwa, kazi ikasimama. Chini ya rangi ile mpya kulikuwa na thamani kubwa kuliko yote ambayo rangi ingeweza kuongeza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kukarabati ni kosa, wala sitaki kuwaondolea mkate mafundi wetu. Gari lililooza kwa kutu, lisilokuwa na sakafu, halina cha kuhifadhi; afadhali linyooshwe na kupakwa rangi lirudi barabarani. Breki zilizokufa ni lazima zitengenezwe, hata kama ni za mwaka 1968, kwani uhai wa mtu ni bora kuliko uasili wa bomba la breki. Hali kadhalika sisemi kwamba ni jambo la kusifiwa mtu kutoa dola milioni 3.74 kwa gari moja. Mwenye fedha hizo ana mambo mengine ya kujiuliza, naye atajiuliza mwenyewe. Ninalolitetea ni jambo moja tu: kutengeneza ni kazi halali, kuficha ni kazi nyingine. Fundi yuleyule, kwa puti ileile na rangi ileile, anaweza kufanya hii au ile. Kinachozitenganisha ni yale anayoambiwa mnunuzi.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani niliusikia msemo huu nikadhani unahusu uzuri wa bidhaa tu. Siku hizi nausikia kwa namna nyingine: kitu kisicho na cha kuficha hakihitaji maneno mengi. Gari la familia ya Kiernan liliwekwa mbele ya watu na mabaka yake yote, na watu wakapandishiana bei. Hakuna aliyelazimika kuambiwa kwamba ni kama jipya.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Magari yetu mengi hapa huja yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, kisha huzunguka mkononi mwetu kutoka kwa mtu hadi mtu. Katika mizunguko hiyo yapo mambo mnayoyajua kuliko mimi. Mita hurudishwa nyuma, gari lililotembea kilometa laki mbili na nusu likasoma elfu themanini. Mlango ulioliwa na kutu hujazwa puti na kupakwa rangi wiki ya kuuza. Injini inayovuja huoshwa hadi tone la mwisho asubuhi mnunuzi anapokuja. Na dalali husimama pembeni akisema: gari hili lilikuwa la mama mmoja, alikuwa analitumia kwenda kanisani tu!

Ningependa kuyasema hayo nikiwa nimesimama mahali safi. Sikusimama. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyoitumikia kabla ya hii, tulikuwa na pikapu iliyochoka. Kutu ilikuwa imekula chini ya milango na sehemu ya chasisi. Tulipoamua kuiuza, nilishauriwa ipitishwe kwa fundi kwanza. Nilikubali. Ikapigwa puti, ikapakwa rangi nyeupe, ikapendeza hata mimi mwenyewe nikaisifu. Akaja mkulima mmoja kuinunua, ili abebee mahindi yake. Akaizunguka mara mbili, kisha akaniuliza: “Padri, gari ni zima?” Nilimjibu: “Si unaliona mwenyewe?”

Wapendwa, nimelitafakari jibu lile kwa muda mrefu kuliko mahubiri yangu mengi. Halikuwa na neno la uongo ndani yake. Lakini niliyaelekeza macho yake mahali nilipojua yatadanganyika, na kanzu yangu ikafanya kazi iliyobaki. Amri ya Nane haikunitega kwa ulimi. Ilinitega kwa puti. Baada ya msimu mmoja wa mvua puti ilipasuka, kutu ikatokeza. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Yule mkulima hakuja kunigombeza. Alikuja kuniuliza kwa unyenyekevu kama ninamfahamu fundi mzuri wa kuchomelea. Nilimrudishia sehemu ya fedha zake na kulipia uchomeleaji, naye akashukuru kana kwamba nimempa zawadi. Shukrani ile iliniuma kuliko ambavyo ningeumia angenitukana.

Ndiyo sababu picha ya gari la kijani ilinigusa. Niliona katika picha ile kitu nilichoshindwa kukifanya kwa pikapu nyeupe. Sisi tulikuwa na chombo cha bei ndogo, na tukaona aibu ya kutu yake. Wale walikuwa na chombo cha mamilioni, na wakaiacha kutu ionekane. Mtasema wao kutu iliwaongezea bei, mimi ingenipunguzia. Ni kweli. Pikapu ile ingeuzwa kwa bei ya chini kama ningesema yote. Lakini ile fedha ya ziada niliyoipata ilikuwa ya nani? Ilitoka katika mahindi ya mtu ambaye hakujua anainunua puti.

Kabla sijamaliza, niwape na la manufaa kwa mnunuzi. Wanunuzi wa magari ya kale ya Kimarekani huenda na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini. Huipitisha taratibu juu ya bodi: penye bati sumaku hushika, penye puti nene hulegea au huanguka. Huinua zulia la sakafu na kutazama chini yake. Hutazama kingo za milango na ndani ya buti, mahali ambapo rangi mpya husahau kufika. Hulinganisha namba ya chasisi na karatasi, herufi kwa herufi. Nanyi mkienda kununua gari, fanyeni hivyo: linganisheni namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizomo kwenye kadi ya gari, nendeni na fundi wenu, wala msione haya kuuliza. Anayeuza kwa haki hakasiriki akiulizwa.

Na kwa muuzaji nina ombi moja, ambalo nilimpa kijana wetu kwanza tulipokutana tena Jumatano. Nilimwambia: “Kila gari likija kwako, lipige picha kabla hujaweka puti. Lipige na baada ya kuling'oa bati bovu, na baada ya kumaliza. Mpe mwenye gari picha zote azihifadhi pamoja na kadi. Siku atakapouza, azionyeshe.”

Alinyamaza kidogo, akakuna kichwa. “Padri,” akasema, “baadhi ya wateja wangu huja kwangu kwa sababu hawataki zionekane. Nikianza kupiga picha, watakwenda kwa jirani.”

Sikuwa na jibu la kumtuliza, na sikumtungia. Ni kweli, wengine watakwenda kwa jirani. Ana mke, ana mtoto mchanga, na kodi ya gereji hailipwi kwa mawaidha ya paroko. Nilimwambia tu yale niliyoyajua: kwamba mimi niliwahi kwenda kwa fundi asiyepiga picha, na leo, nikikutana na pikapu nyeupe barabarani, bado namtazama dereva wake usoni kabla ya kuinua mkono kumsalimu.

Aliondoka bila kuniahidi neno. Jana jioni nilipita mbele ya gereji yake nikirudi kuwatembelea wagonjwa. Alikuwa ameinama kando ya gari dogo la bluu, mlango wake umeng'olewa, bati lililoliwa liko wazi kabisa. Simu ilikuwa mkononi mwake. Sikujua kama alikuwa akipiga picha au akiongea na mteja, wala sikusimama kuuliza. Lakini ninyi mtakaopeleka magari yenu kwake juma hili mnaweza kumrahisishia kazi. Msimsubiri aamue peke yake. Mwombeni picha hizo ninyi wenyewe.

Nawatakia Dominika njema. Tuonane juma lijalo.